Samaki wa Loveness

Umeme ulikatika mtaa mzima wa Pasua, lakini samaki wa Loveness wakaendelea kung'aa.

Salvina aliitazama taa ya buluu juu ya tangi la kioo. Ilikuwa imezimika kabisa. Samaki wale walitengenezwa maabara, wakatiwa vinasaba vya viumbe wa baharini ili mwanga wa taa ukiwapiga wawake wekundu na kijani. Bila taa ni vidagaa tu. Mumewe, Primus, aliwanunua Arusha mtoto wao alipotimiza miaka saba. Sasa homa ilikuwa imemchukua Loveness, amezikwa migombani kwa babu yake, kijijini Kibosho, na mama yake hakuwa na moyo wa kuwagawa samaki.

"Mama," sauti ikaita kutoka kwenye tangi. "Nasikia baridi. Nishike."

Ilikuwa ya Loveness, na ule mkwaruzo wa mafua yake yasiyokwisha. Ungefanya nini wewe? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Salvina akatumbukiza mkono.

Tangu hapo nyumba ikanuka udongo wa kaburi jipya, Salvina akaacha kula, akakonda hadi kitenge kikawa kinamvuka, na kila Primus aliporudi kutoka kazini alimkuta amepiga magoti mbele ya kioo, mkono umezama hadi kiwiko, samaki wamemng'ang'ania vidole wakinyonya, wanazidi kuwaka huku yeye akizidi kupauka, naye anacheka, analia, anasimulia hadithi za sungura.

Primus akaona mke naye anakwenda. Akamleta mama yake, Bibi Magdalena, kutoka Kibosho, naye akaja na jani la sale, lile la kuombea msamaha. Bibi alilitegea tangi sikio. Kisha, mzee wa watu, akafanya jambo ambalo bibi hamfanyii mjukuu. Aliinama akasema:

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," ikajibu sauti ya Loveness.



"Umesikia, mwanangu?" Bibi alimnong'oneza Salvina, akimwekea jani kiganjani. "Hiki kitu ni kikongwe kuliko mimi. Nakuomba kwa sale, tuyamwage haya maji. Wa kwetu tumemlaza migombani."

Kwa Wachagga, aliyekuja na sale hakataliwi. Salvina alilishika jani muda mrefu, machozi yakimtoka, halafu akamrudishia.

"Nisamehe, mama. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si yeye," alisema. "Lakini kule migombani nimeita wee, hakuna aliyeniitikia."

Akaingiza mikono yote miwili.