Nusu ya Kulia

MINTARAFU: OMBI LA KUZIMA MADIRISHA YANAYOJIPANGA YENYEWE, KOMPYUTA YA MASJALA

Barua hiyo ilikaa kwenye meza ya meneja Gathogo, ikarudishwa kwa kukosa muhuri, ikapigwa muhuri, na hatimaye ikajibiwa kwamba imepokelewa. Ofisi ya chama cha maziwa pale Olenguruone haikuwa na haraka na lolote isipokuwa chai.

Mwenye haraka alikuwa Jebet, karani mpya aliyeiandika. Kila alipofungua kazi kwenye kompyuta, dirisha lilijivuta hadi kushoto likaganda, likaacha nusu ya kulia tupu. Alilirudisha, likaenda tena. Mwanzoni alicheka. Kisha upande ule wa kulia ukaanza kunuka mursik, maziwa lala ya kibuyu yenye masizi, na mkono wake wa kulia ukawa unakufa ganzi. Sasa ganzi ilikuwa imepanda begani, ikashika shingo, na asubuhi hiyo nusu ya ulimi wake haikuijua sukari.

Ogada, fundi kutoka Nakuru, aliingia adhuhuri, ukungu wa msitu wa Mau ukiwa umeegemea vioo.

"Madam, hii ni kitu ndogo. Ukisukuma dirisha pembeni inajibandika. Tunaizima tu." Akafungua mipangilio, akatafuta kitufe. Akakisoma mara mbili.

"Ni nini?"

"Imezimwa. Tena kitambo."

Hapo hapo dirisha la mipangilio likateleza kushoto, polepole, mkono wa Ogada ukiwa mbali na kipanya. Na kulia kwa Jebet, mahali pasipo na kiti, kiti kikalia kwiii, kama kimekaliwa.

"Wewe huwa unaingia hapa na jina ya nani?" Ogada akanong'ona.

"Ya Kigen. Karani wa kabla yangu. Alikufa, na mimi hawakunifungulia yangu."

"Kwa hivyo kila asubuhi unaandika jina ya maiti?"

Jebet akajisogeza mbali na kibodi. Kwao, mtoto akizaliwa, akina nyanya humwinamia wakimwitia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Litakalotajwa mtoto akipiga chafya, basi mwenyewe amerudi, amepata mwili. Na yeye alikuwa amemwita Kigen kila siku ya kazi tangu aajiriwe.

"Futa hiyo akaunti," akasema. "Saa hii."

"Hapana," akasema Gathogo kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Afisa haondolewi kwenye mtambo kabla ya kukabidhi ofisi."

"Mzee, amekufa!"

"Najua, nilisoma risala kaburini. Lakini hakukabidhi." Akanywa chai, akalegea kidogo. "Haya. Ingia mara ya mwisho, unakili faili za marehemu, halafu Ogada afute. Tutahesabu amekabidhi."

"Basi andika wewe, mzee."

"Mimi si karani."

Ogada, kwa nia njema tu, akaiinua kibodi akaipuliza, na vumbi la miaka likapanda usoni pa Jebet, naye akaanza kuandika jina la Kigen kwa mkono wa kushoto, herufi kwa herufi, akibana pumzi, macho yakimtiririka, pua ikimwasha hadi kwenye mzizi wa meno, huku harufu ya mursik ikimjaa kooni na kiti kisichoonekana kikiburutwa karibu, karibu zaidi, hadi goti baridi likagusana na goti lake, na sauti iliyo kama yake mwenyewe ikaanza kuvuta pumzi ile ile aliyokuwa akiizuia.

Ripoti iliyopigwa muhuri jioni hiyo ilisema tatizo limetatuliwa na madirisha hayajivuti tena, na hilo ni kweli. Jebet alipiga chafya kwenye herufi ya mwisho, na aliyeinuka kutoka kwenye kiti cha Jebet, na mwili wa Jebet, akamsalimu Gathogo na kuomba radhi kwa kuchelewa kukabidhi ofisi, alikuwa Kigen.