Kodi ya Moto

Jioni ile ya Alhamisi, Mwalimu Eunike alikuwa anabisha mlango wa sita. Mgongoni alikuwa amembeba binti yake Seenoi, wa miezi minane. Mkononi alishika barua ya uhamisho kutoka Wasso, ambayo hakuna aliyetaka kuisoma.

Kijiji chenyewe kiko juu ya Karatu, pale mashamba ya ngano yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Mwezi wa saba ukungu hushuka mapema, na kila mtu hujifungia kwake. Mwaka ule wa themanini na tatu watu walikuwa na sababu ya kujifungia. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na kiberiti kikifika duka la kijiji kinakwisha kabla foleni haijasogea. Watu walihifadhi moto chini ya majivu. Ukikuzimikia, unakwenda na kigae kuomba kaa kwa jirani.

Kwa wiki nzima Eunike alikuwa analala kwenye ghala la shule, juu ya magunia ya mbolea, na mtoto alikuwa ameanza kukohoa. Kikohozi kile kilimkata maini. Mtoto wake wa kwanza alianza hivyo hivyo, na hakumaliza mwezi. Alikuwa ameapa kwamba huyu hatamwachia mtu wala kitu.

"Hodi, mama. Mimi ni mwalimu mpya. Natafuta chumba cha bei nafuu."

Mwenye nyumba, Mama Evarista, alifungua mlango nusu. Alizitazama shanga za shingoni mwa Eunike, akamtazama mtoto.

"Hakuna chumba."

"Kile cha uani si hakina mtu?"

"Kinalala mbuzi. Ninyi Wamasai mna nchi nzima kule, huku mmefuata nini?" Akausukuma mlango, kisha akaufungua tena kidogo. "Na kule juu usiende. Nako hakuna chumba. Rudi kwenu!"

Kwenda juu hakukuwa hata kumemjia akilini. Mama yule mwenyewe ndiye aliyemtia wazo, na Eunike alikuwa na hasira ya kutosha kulifuata.

Njia ya juu ilikuwa imeota majani. Karibu na nyumba ya mwisho, tawi kubwa la miiba lilikuwa limelazwa katikati. Eunike ni mtoto wa wafugaji, na kwao tawi la miiba ndilo lango la boma. Alilisogeza kwa mguu, akapita, akageuka na kulirudisha vizuri kama alivyofundishwa na mama yake.

Bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni, kama mtu aliyekuwa anamngoja mgeni wake.

"Karibu, mwanangu," alisema taratibu. "Chumba kipo."

Kilikuwa chumba kikavu, kimesafishwa, mlango wake ukitazamana na wa bibi. Kilinuka kitu kimoja tu... maziwa yaliyoungua.

"Kodi yake kiasi gani, bibi?"

"Mimi Hyasinta hela nitaipeleka wapi? Kodi yangu ni hii. Kila jioni uje uchukue moto kwangu. Usichukue kwa mtu mwingine."

Eunike nusura acheke kwa furaha. Viberiti havipatikani, na huyu anataka kumpa moto! Alipokea kaa la kwanza kwenye kigae. Bibi akamtazama mtoto mgongoni.

"Mko wangapi?"

"Wawili tu, bibi. Mimi na huyu."

Jioni hiyo kikohozi cha Seenoi kilikoma, na Eunike akalia kwa kushukuru.

Ijumaa, shuleni, alipoinama kisimani kuchota maji, wanafunzi wote waliacha ndoo zao wakaondoka. Aliumia. Akajisemea ni yale yale ya mama Evarista. Jioni alikwenda kuchukua moto.

"Mko wangapi?" bibi aliuliza tena.

"Wawili, bibi."

Bibi Hyasinta alichungulia chumbani, juu ya bega la Eunike.

"Hesabu vizuri."

Eunike aligeuka. Seenoi alikuwa amekaa kwenye mkeka, anacheka. Alikuwa ameinua mikono yote miwili kuelekea kona ya giza, kama anavyoiinua akitaka kubebwa.

Konani hapakuwa na mtu.

Lakini mkeka, pale kando ya mtoto, ulikuwa na joto.

Jumamosi moto wake ulikuwa bado hai, ila kodi ni kodi. Alimkuta bibi amenyoa nywele zote, amevaa shuka safi. Jiko lake lilikuwa limefagiliwa na majivu yametupwa. Hapakuwa na kaa hata moja.

"Leo sina cha kukupa. Mko watatu," bibi alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nisamehe, mwanangu. Mimi nimemaliza."

Bibi alishuka njia, akalivuka tawi, akalirudisha mahali pake. Kutoka bondeni Eunike alisikia sauti ya mama Evarista ikimpokea kwa kilio cha furaha, "Saita, bibi! Saita!" Katika siku zote zile hakuna aliyemsalimu yeye hivyo.

Jumapili jua likizama, alikuja Mwalimu Martini, mzaliwa wa pale. Alisimama ng'ambo ya tawi.

"Usinikaribie," alisema kwa sauti ya chini. "Ulichukua moto?"

"Nilichukua. Kwani kuna nini?"

"Binti wa bibi alifia katika chumba hicho, mimba tumboni. Mwaka wa kumi na moja huu. Nyumba ya msiba kama ule tunaitenga. Tunaita metimani. Haitoi moto, haipokei, na hakuna anayeingia mpaka isafishwe. Hii wazee waliisafisha mara mbili... ikakataa. Sasa aliyepokea moto ndiye mwenye msiba."

"Na mkakaa kimya!" Eunike alipiga kelele. "Mtu mzima na mtoto mchanga, mkatutazama tunaingia!"

"Tawi si uliliona? Hapa hata mtoto mdogo akiliona anageuka." Martini aliinamisha kichwa. "Kauzime wote. Kisha shuka, usitazame nyuma."

Eunike alirudi mbio. Alimweka Seenoi mkekani, akashika kibuyu cha maji, akamwagia moto. Moshi ulipanda. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa chumba kizima, na konani mtu akaanza kulia kwa kwikwi...

Seenoi hakulia.

"Seenoi?"

Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka. Mwili ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Seenoi!"

Chini ya majivu lilikuwa limebaki kaa moja, dogo, linafifia. Kibuyuni maji yalikuwa bado yapo. Mlango ulikuwa wazi, na Martini alikuwa anamwita kutoka njiani. Eunike alimtazama mwanawe. Kisha akapiga magoti, akakitupa kibuyu, akalipuliza kaa lile kwa pumzi yake yote.

Lilipowaka, mtoto alivuta pumzi. Joto likamrudia mikononi. Na kule konani kilio kikanyamaza.

Eunike hakushuka. Shule ilipata mwalimu mwingine. Martini alimwachia unga kando ya tawi, akawa anaondoka haraka kabla hajaitwa. Jioni nyingi Eunike aliomba aje mtu, yeyote, apokee moto na msiba wake. Hakuona haya kuomba hivyo.

Mwezi wa kumi, ukungu ukishuka, alisikia tawi linaburutwa.

"Hodi... Hodi wenyewe?"

Alikuwa mwanamke kijana, sanduku kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa.

"Mimi ni bibi shamba mpya. Huko chini wamenifukuza wote. Natafuta chumba tu, dada, hata kidogo."

Eunike aliliona kaa jikoni. Alikiona kigae. Neno moja tu, na kabla ya wiki kwisha angekuwa bondeni, na Seenoi wake mzima mgongoni. Akaitazama ile miguu midogo inayoning'inia kiunoni mwa mgeni.

"Hakuna chumba!" alifoka. "Hakuna! Rudi kwenu!"

Aliisikia sauti ya mama Evarista ndani ya sauti yake, na kwa mara ya kwanza akamwelewa. Mgeni alirudi nyuma hatua moja, macho yamejaa machozi, akageuka aende zake. Eunike aliegemea mlango na kushusha pumzi.

Ndipo nyuma yake, karibu na jiko, ikasikika sauti ya upole. Ilikuwa sauti ya Eunike mwenyewe, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Karibu, mwanangu. Chumba kipo."