Atupele na Limau la Bibi

Atupele alikuwa na miaka sita, sweta jipya, na limau moja.

Sweta alipewa na Mama. Kyela kwao ni joto, lakini milimani kuna baridi.

Limau alipewa na Bibi. Barabara ya milimani ina kona nyingi, na tumbo la Atupele halipendi kona.

"Ukisikia kichefuchefu, linuse," Bibi alimwambia.

Bibi mwenyewe hakwenda. Magoti yalikuwa yanamuuma. Lakini zamani, alipokuwa mdogo, aliishi kule juu, karibu na ziwa dogo. Alipanda mche wa mti wa maua mekundu kando ya maji.

"Niangalizie, mjukuu wangu," alisema. "Mti wangu bado upo?"

Atupele akaahidi kuuangalia kwa macho yake yote mawili.

Basi, siku ya kwanza ya likizo, wakaondoka kwenda kuliona ziwa hilo. Baba akaendesha. Mama akakaa mbele. Atupele akakaa nyuma na limau lake.

Kona kushoto, kona kulia.
Tumbo la Atupele: guru, guru, guru.

Akanusa limau. Fff, fff. Tumbo likatulia.

Migomba ikapita. Mashamba ya chai yakapita, yamenyooka kama nywele zilizochanwa.

Wakafika mji wa Tukuyu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ti, ti, ti. Mama na Atupele wakaenda kununua ndizi.

Baba akanunua mahindi ya kuchoma. Akaona limau kwenye kiti. Akalikata. Akalichovya kwenye chumvi na pilipili, akapaka hindi la kwanza, akapaka na la pili. Nyam, nyam, nyam.

Mama na Atupele wakarudi.

"Limau zuri hili," Baba alisema. "Ni la nani?"

Mama akamtazama Baba. Atupele akamtazama Baba. Baba akaacha kutafuna.

Masikini Baba, aliomba msamaha mara tatu. Akazunguka soko zima. Parachichi zilikuwepo. Viazi vilikuwepo. Limau, hakuna.

Kona kushoto, kona kulia.
Tumbo la Atupele: guru, guru, guru.

Atupele akafumba macho. Afadhali kidogo. Lakini akifumba macho, mti wa Bibi atauonaje? Akaona uchungu, akataka kulia.

Kisha akapata wazo.

"Baba, simama," alisema. "Nitatembea."

Baba akasimama. Mama akashuka naye, wakashikana mikono. Gari likawafuata nyuma, taratibu, kama linasindikiza maharusi.

Hatua kushoto, hatua kulia.
Tumbo la Atupele: kimya.

Wakafika juu kabisa. Wakatazama chini. Ukungu mtupu. Hakuna ziwa, hakuna mti.

Baba akasema labda warudi. Atupele akakataa. Akakaa kwenye majani, akamenya ndizi, akasubiri. Wote wakakaa.

Upepo ukaja. Shuuu. Ukungu ukasogea.

Ziwa likatokea, la kijani, la mviringo. Na kando ya ziwa kulikuwa na mti mkubwa, mwekundu mpaka juu.

Atupele akautazama sana. Hakufumba hata jicho moja.

Wakati wa kurudi alilala kona zote.

Jioni, Bibi alikuwa ameshapanda kitandani. Atupele akamwamkia, akajipenyeza kando yake. Bibi akauliza kama limau lilimsaidia.

"Lilimsaidia Baba," alisema Atupele. Baba akatazama dari.

Kisha Atupele akasema, "Mti wako upo, Bibi. Umeipita nyumba yetu kwa urefu. Una maua mpaka juu."

Bibi akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Kumbe," alisema. "Mimi nimezeeka, wenzangu bado wanachanua. Hebu nisimulie tena."

Atupele akaanza upya.

Kona kushoto, kona kulia...

Bibi akalala kabla hawajafika Tukuyu.

Atupele akamfunika shuka, akamsogelea sikioni. "Mti upo, Bibi," akanong'ona, akalala na yeye.