Nyongeza ya Malita

Mvua za Desemba zikishika huko Dedza, hakuna anayehitaji jogoo wa kumwamsha. Uyoga wenyewe humtoa mtu kitandani. Ukilala hadi jua lichomoze, utakuta wenzako wamekwisha pita, na utakachookota ni nyayo zao tu.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, kama Jumamosi zote za mvua, Malita aliingia msituni nyuma ya bibi yake kungali na ukungu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kikapu alikibeba kichwani bila kukishika. Bibi yake, Agogo Nabanda, alitembea ameinama, fimbo yake ikifunua majani makavu chini ya miombo. Agogo hakukata uyoga kwa kisu. Aliuchokoa ardhini pamoja na shina lake lote, akaugeuza, akaunusa, akautaja jina, ndipo akautia kikapuni.

"Huu?" alimuuliza Malita.

"Katelela, Agogo."

"Na huo mwingine, usioujua jina?"

"Naupita kama sijauona."

"Upite hata ukikukonyeza," Agogo alisema, na wote wawili wakacheka.

Nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja, na haikuwa na mjadala: uyoga hauendi barabarani kabla haujapita mikononi mwa Agogo. Walipotoka msituni alikaa kwenye mkeka akakagua kichwa kimoja kimoja, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Siku hiyo alimaliza, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akasema, "Haya, tangulia ukauze. Mimi naanika huu wa kukausha, nitakufuata."

Njia ya kwenda barabara kuu ilipita kando ya shamba la misonobari. Hapo ndipo Malita alipoviona: vichwa vinne vya uyoga, vyeupe, vinene, vimesimama pamoja juu ya majani makavu ya misonobari. Alijua kwamba Agogo hachumi chini ya miti hiyo. Lakini aliinama. Kimoja kilikuwa kimetafunwa pembeni, na konokono bado alikuwa juu yake, mzima wa afya.

"Konokono anakula wala hafi," alijiambia.

Hakutaka kuviuza. Alivitaka kwa ajili ya nyongeza. Huko kwao mnunuzi haondoki bila nyongeza. Ukishampimia bakuli lake, unamwongezea konzi moja ya bure. Asiyepewa huondoka amenuna, na kesho hununua kwa jirani. Nyongeza hiyo ilimuuma sana Malita, maana kila alichoongeza kilitoka kwenye bakuli lijalo. Wenzake walimtania kwamba akitoa nyongeza utadhani anang'olewa jino. Sasa amepata nyongeza ya bure! Akavichuma vile vinne, akavificha chini ya jani pembeni mwa kikapu.

Barabarani alimkuta rafiki yake, Losalia, amekwisha panga mabakuli yake. Losalia alichungulia chini ya jani.

"Mh! Hivi si vya kwenye misonobari?"

"Konokono amekula, hajafa."

"Tumbo la konokono si tumbo lako, bibie. Agogo ameviona?"

"Ameviona," alijibu Malita, akageukia magari.

Mnunuzi wake wa kwanza hakuwa wa gari. Alikuwa Mama Tadala, mke wa mwenye mashine ya kusaga pale sokoni, amepakiwa kwenye baiskeli ya abiria. Alinunua bakuli moja kubwa, kisha akanyoosha kiganja.

"Na nyongeza yangu, mwanangu? Au leo tena utalia?"

Malita akampa vichwa vitatu kwa mpigo. Mama Tadala alishangaa.

"Leo mkono umefunguka! Mungu akubariki. Hivi ni vya Tadala wangu." Baiskeli ikaondoka, kengele ikilia.

Agogo alifika jua lilipokuwa limepanda kidogo. Aliketi, akajinyoosha mgongo, akaangalia ndani ya kikapu. Alitia mkono akatoa kile kichwa cha nne kilichobaki.

"Huu umetoka wapi?"

Malita alianza kupanga mabakuli upya. "Kule kwenye kichuguu, Agogo. Ulikuwa kwenye mkeka. Uliupitisha mwenyewe."

"Mimi?"

"Ndiyo, Agogo."

Malita alitegemea kugombezwa. Kama Agogo angepaza sauti, pengine ingekuwa rahisi. Lakini bibi aliugeuza ule uyoga mara mbili, akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali. Basi la kwanza lilipita kuelekea Blantyre. Losalia alitazama chini, akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Basi macho yangu yamekwisha," Agogo alisema taratibu. "Miaka arobaini nachuma. Kama huu umepita mikononi mwangu, sitakiwi tena kuingia msituni. Na ule niliouanika nyumbani itabidi niutupe wote." Akajaribu kuinuka.

Basi la pili likapita. Malita aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa amemwibia bibi yake macho. Na palepale likamjia wazo baya zaidi: vile vitatu viko wapi saa hii?

"Agogo, nimesema uongo!" Maneno yalimtoka yote pamoja. "Macho yako ni mazima. Nimeuchuma kwenye misonobari baada ya kutoka nyumbani. Vilikuwa vinne. Vitatu nimempa Mama Tadala, wa mashine. Nyongeza."

"Lini?"

"Kabla hujafika. Mabasi mawili yamekwisha pita tangu uliponiuliza."

Agogo hakupoteza muda kumchapa wala kumsema. "Kimbia! Waambie wasile. Wasile chochote! Losalia, linda kikapu." Akaufunga ule uyoga uliobaki kwenye jani, akashika fimbo yake.

Kutoka barabarani hadi sokoni ni kilomita mbili. Malita hakuwahi kuiona njia ile ndefu kiasi hicho. Aliteleza kwenye tope, akaanguka, akainuka. Ndala moja ilibaki nyuma. Njia nzima ulimi wake ulimtafutia maneno mepesi zaidi: aseme ameangusha pesa bakulini? Aseme Agogo ndiye aliyekosea? Alipofika uani kwa Mama Tadala alikuwa anahema, na sufuria ilikuwa jikoni, mchuzi wa unga wa karanga ukichemka.

"Mama, usile!" alipiga kelele. "Ile nyongeza si nzuri. Nimeichuma kwenye misonobari na Agogo hakuiona. Nimekudanganya."

Mwiko ulisimama mkononi mwa Mama Tadala. "Humu ndani haimo," alisema.

"Haimo?" Malita alitaka kucheka kwa furaha.

"Nimempa Tadala akapike kwenye masanje yake. Nimempa na chumvi." Rangi ilimtoka usoni. "Wako nyuma ya mashine. Wako wanne."

Masanje ni mchezo wa watoto wa kule wa kujipikia, na mtoto wa kule hapiki udongo; hupika chakula kweli na kukila kweli. Mama Tadala alianza kuita jina la mwanawe, lakini mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma na sauti yake ikamezwa. Malita hakuita. Alikata katikati ya mahindi mabichi, majani yakimchana mikono, mpaka akauona moshi.

Wasichana wanne wadogo, mkubwa wao hajafikisha miaka saba, walikuwa wamechuchumaa kuzunguka kopo lililowekwa juu ya mawe matatu. Kila mmoja alikuwa na jani la mpera mbele yake, na juu ya kila jani kipande cha uyoga kinatoa mvuke. Tadala alikuwa anagawa kwa kijiti.

"Karibu, dada," alisema kwa heshima ya mwenye nyumba. "Lakini chakula chetu ni kidogo."

Mmoja alikuwa amekwisha kiinua kipande chake, anakipuliza kipoe. Malita alimpiga mkono kikaruka, akapiga teke kopo, akakusanya majani yote kama mwendawazimu. Watoto wakaangua kilio. Mama Tadala akafika, na baada yake Agogo, ameshuka kwenye baiskeli ya abiria, fimbo mkononi.

"Nani amekula?" aliuliza mama. Watoto walitazamana, wakatazama fimbo ya Agogo.

Agogo akaitupa fimbo kwenye mahindi. Akapiga magoti. "Hakuna atakayechapwa, wajukuu zangu. Ila mpishi mzuri huonja chumvi. Nani mpishi hapa?"

Tadala alifuta machozi, akainua kidole. "Mimi. Nilionja. Na kipande kimoja, kile kidogo."

Baba Tadala alizima mashine na kumpakia mkewe na mtoto kwenye pikipiki ya jirani hadi zahanati. Watoto wengine watatu walipelekwa nyuma yao, nao wakapimwa. Agogo alimpa muuguzi ule uyoga uliofungwa kwenye jani, na Malita akaeleza saa ambayo watoto walikuwa wamepika. Muuguzi aliandika kila kitu.

"Sasa hivi anacheka, naona," alisema muuguzi, akimtazama Tadala akinywa dawa nyeusi kwa kukunja uso. "Msidanganyike. Kuna uyoga unaokaa kimya tumboni hadi kesho yake ndipo unaamka. Huyu haendi nyumbani."

Jumapili Malita alikwenda kanisani, lakini hakuimba. Kila kengele ya baiskeli ilimshtua. Mchana habari ikaja: Tadala ametapika tangu alfajiri, gari limemchukua kwenda hospitali ya wilaya. Malita alienda nyuma ya jiko, akalia mpaka kwikwi ikamshika. Nsima yake, ugali wa kule, ilibaki sahanini, na Agogo hakumlazimisha kula. Jumatatu hakukuwa na habari. Jumanne hakukuwa na habari. Shuleni Losalia alikaa karibu naye, akamshika mkono chini ya dawati.

Jumatano jioni mashine ya kusaga, iliyokuwa kimya siku zote hizo, ikaanza kunguruma tena. Agogo aliinua kichwa akasikiliza. "Baba hawashi mashine kama ana msiba," alisema. "Oga. Tunakwenda."

Walimkuta Tadala mkekani, amekonda, macho makubwa, anadai viazi kwa sauti ya kuchosha watu wote. Mama yake alikuwa ameketi kando. Malita alipiga magoti mlangoni, mikono pamoja, kama inavyompasa mtoto mbele ya mtu mzima aliyemkosea.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilikupa nyongeza ambayo mimi mwenyewe nisingeila."

Mama Tadala alikuwa bado na hasira, na hakuificha.

"Nimekaa siku nne pembeni ya kitanda," alisema. "Siku mbili za kwanza sikutaka hata kusikia jina lako. Lakini daktari alikuwa na maswali mawili: amekula nini, na saa ngapi? Alisema wazazi wengi hawajui, kwa sababu tumbo linapouma ni kesho yake, na kila mtu amesahau. Mimi nilijua yote mawili. Nilijua kwa sababu ulikuja mbio ukasema, mbele ya sufuria yangu, bila kumsingizia mtu. Kwa hiyo nimekusamehe nusu. Nusu nyingine utaipata mtoto akinenepa."

"Asante, mama," Malita alinong'ona. Hata nusu hiyo ilimtosha, akashusha pumzi.

Agogo alimgeukia mjukuu wake.

"Sikiliza, Malita. Kuchuma usichokijua ni kosa, na sheria yetu unaijua. Kumpa mtu nyongeza ya hila ni kosa, maana nyongeza ni uso wako. Mnunuzi haioni roho yako, anaiona hiyo. Lakini lililonitisha kuliko yote ni mabasi yale mawili. Mimi nimeshika uyoga mkononi, nakuuliza, nawe unajua, na mtoto wa mwenzio anapuliza chakula kipoe. Kukosea utakosea tena, hata mimi nakosea. Ila ukikosea, sema palepale. Ukweli uliochelewa kidogo umemlaza mtoto huyu hospitali siku nne. Ungechelewa basi moja zaidi, wangelala wanne."

Malita aliwahesabu kichwani mmoja mmoja, wote wanne, kila mmoja na jani lake la mpera mbele yake. Kisha akasema, "Nimesikia, Agogo," na safari hii Agogo hakuhitaji kumuuliza mara mbili.