Kitanda Alichopimiwa Jacqueline

Hii alinipa Marcelina mwenyewe, mke wa Laurean, wakati tunapiga deki ofisi za watu kule mjini alfajiri. Alikamua mopa, akaegemea mpini, akaniambia, "Mama, nikikueleza kitu utaniona chizi?" Nikamwambia eleza tu, machizi nimewaona wengi, wewe bado. Basi sogeeni. Wewe mwenye miguu ya baridi usiniguse.

Ilianzia kwenye maranda tu, yale magamba membamba yanayotoka ubao ukipigwa randa. Jumatatu moja Laurean alifungua kibanda chake cha nyuma ya nyumba, akakuta maranda aliyoyaacha yamefagiwa. Na yeye kufagia? Tangu azaliwe hajafagia.

Laurean mtu wa Bukoba, alikuwa anakaa Edmonton, hapa hapa London, kwenye zile nyumba zilizoshikana, jirani akikohoa unamwambia pole. Kazi yake ofisini, mambo ya bima sijui. Mikono laini kama amezaliwa jana. Kwao, seremala akija kutengeneza mlango, yeye anapita hasalimii, "We fundi, toa vumbi lako hapo." Jina la mtu hakuuliza hata siku moja. Amefika huku, akawaona wazungu wa ofisini kwake wanachonga mbao Jumamosi kwa raha zao, hawatumii umeme, msumeno wa mkono na randa basi, naye akataka. Akasema ni hobi. Kazi iliyowapinda watu migongo, yeye hobi!

Akaenda kozi Jumamosi nne. Nne! Huko kwetu kijana anashika ufagio mwaka mzima kabla hajapewa patasi. Yeye Jumamosi nne, akapewa cheti, akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Halafu akaenda soko la Lewisham akarudi na sanduku la vifaa vya zamani vya fundi aliyekufa, mipini imelika mpaka ina shimo la kiganja cha mtu mwingine. Kigoda chake cha kwanza miguu mitatu ilikaa chini, wa nne ukawa unasalimia wageni. Marcelina alikikalia mara moja tu, akakiwekea maua.

Sasa bwana huyo ndiye akasema atamtengenezea binti yao kitanda. Jacqueline, miaka sita. Kwenye kozi walimwambia fundi mzuri hapimi kwa namba, anapima kwa ufito, anatia alama kwa kisu. Sawa, hilo hata mafundi wetu wanafanya. Lakini yeye alingoja Jumapili mchana, mtoto kalala kwenye zulia, akamlazia ufito ubavuni. Utosini mpaka kisiginoni, kata. Bega mpaka bega, kata.

Marcelina akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Jacqueline, unafanya nini?"

"Napima kitanda."

"Mtu mwenye afya hapimwi amelala! Anayepimwa hivyo ni maiti, ufito upelekwe kwa mtengeneza jeneza. Mwamshe, mpime amesimama."

"Acha ushamba, mama. Tupo London."

"Kwani London watu hawafi?"

Laurean alichukua ufito akauweka kibandani, juu ya lile sanduku la vifaa.

Ndiyo Jumatatu yake sasa akakuta pamefagiwa. Na juu ya meza kuna randa moja tu, yaani gamba moja, refu kama ubao wenyewe, limejiviringa, jembamba ukiliweka kwenye mkono unaona mistari ya kiganja. Mbao alizozikata pembe pembe zimenyooka. Maungio yameumana kama vidole vya mtu anayesali. Na kibanda kizima kinanuka karafuu maiti. Nyinyi hamuijui. Nyeupe, kali, huwa anapakwa mtu akishaoshwa mara ya mwisho.

Mtu mwenye akili anarudi kinyumenyume na kufunga mlango. Laurean alishika kiuno, akatabasamu. "Kumbe mkono umeanza kukubali."

Jumapili wakaja wageni kula, Humphrey, rafiki yake wa tangu Bukoba, na mkewe Mumbi, mtu wa Kenya yule, mdomo wake hauna likizo. Laurean sahani hajamaliza, kawapeleka kibandani. Humphrey akapitisha kidole kwenye pembe.

"Ta Laurean," akamwita kwa heshima ya Kihaya, "umeunga hivi bila msumari?"

"Hata mmoja. Mkono wangu mwenyewe."

"Na mimi huyu wangu hata balbu hawezi kufunga," Mumbi akasema. "Nimeibiwa jamani."

Chini ya meza kukasikika, "Mff." Vile mtu anavyovuta pua akiletewa chakula kilichochacha.

"Humphrey, ni wewe?" Mumbi akauliza.

"Mimi nini?"

Laurean akakohoa, akawatoa nje, akafunga mlango. Alisikia. Sura yake ilisema amesikia. Lakini "kazi si yangu" hakusema.

Tangu wiki hiyo Jacqueline, mtoto aliyekuwa analala kichwa mlangoni miguu ukutani, akawa analala chali, miguu imebana, mikono ubavuni, blanketi halina mkunjo. Mama yake akimgeuza, anarudi. Mashavu yakaingia ndani. Miguu ya baridi, hata ukiiweka kwenye maji ya moto.

"Unaumwa wapi, mama?"

Akajibu kwa Kiingereza chake, kwamba haumwi, ila yule mtu amemwambia atulie.

"Mtu gani?"

"Yule wa Daddy. Amesema nikicheza mbao zitaharibika."

Siku iliyofuata, saa kumi na nusu jioni, Desemba, giza limeshaingia kama kawaida ya huku, Marcelina yuko jikoni akasikia randa. Shwaaa. Shwaaa. Akafungua mlango wa nyuma, akakanyaga majani yaliyolowa na kandambili zake, anajiambia labda mume kawahi kurudi, ingawa koti lake halipo mlangoni na kibandani hakuna taa, na kila anavyosogea ile harufu inamjia, inamwingia puani mpaka anaionja mdomoni, akaweka uso kwenye kioo na kuuzungushia viganja ili aone vizuri, akaona randa inakwenda na kurudi yenyewe juu ya ubao, na nyuma ya randa kile kiza kimekaa umbo la mtu aliyeinama, na kitanda si kitanda tena, kimepandishwa kuta pande nne, mabegani kimepanuka, miguuni kimebana, na hapo randa ikasimama. Ikasimama tu, kama mtu aliyejua anatazamwa.

Mume aliporudi alimkuta kakaa kwenye ngazi, kamlaza mtoto mapajani.

"Nani anatengeneza kitanda?"

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi na... kuna siku nakuta kimeendelea."

"Siku ngapi?"

Akavua miwani, akaifuta. "Zote."

"Na ukanyamaza?"

"Watu walishakisifu, Mama Jacqueline."

Mmesikia hiyo? Mtoto anaisha mbele yake, yeye anatunza sifa. Ningekuwa mimi huo mwiko ungefanya kazi.

Marcelina akampigia simu Bi Jokha wa Hayes. Bi Jokha huyo mwenyeji wa Pemba, alikuwa anasafisha ndege kule uwanjani, na mambo haya aliyajua kutoka kwa bibi yake. Alikuja usiku ule ule na koti lake la kazi linalong'aa, treni na mabasi mawili. Hakupiga ngoma, hakuwasha ubani. Mlangoni alinusa tu.

"Mmempima nani?"

Wakamletea ufito, akauchoma kwenye jiko la gesi. Ulipokwisha kuwa jivu, kule kibandani kitu kikacheka, sauti kavu kama ubao unaopasuka juani. Wote watatu wakaenda, Marcelina kamshika Bi Jokha koti.

"Choma tu," sauti ikasema. "Kipimo nimeshakishika kichwani. Mimi si kama huyo, anapima mara tatu halafu anakata kando."

"Wewe nani?" Bi Jokha akauliza, taratibu, kama anaongea na mgonjwa.

"Fundi. Nilikaa na mwenye vifaa hivi miaka hamsini, alikuwa anatengeneza majeneza, sikumwona hata siku moja akimdanganya mteja. Nimepewa ufito. Nimepewa mbao. Kesho jua likizama naweka kifuniko."

"Lakini mtoto bado mzima."

"Nikimaliza kazi atakuwa tayari."

Bi Jokha akasogea, akasimama mbele ya Marcelina.

"Nani aliyekupa kazi?"

"Huyo hapo mwenye mikono ya siagi. Patasi yenyewe hajui kuinoa. Lakini kila nikimaliza pembe anasema ni yake. Basi iwe yake."

Na Laurean, haki ya Mungu, mbele ya jini, akakasirika. "Mimi nina cheti!"

"Mff," likasema jini.

Bi Jokha akawarudisha jikoni. "Kazi ilianza kwa jina lako," akamwambia Laurean, "na utaimaliza wewe. Wale uliojisifu kwao, waite, uikane mbele yao. Kisha vunja jeneza hilo, na mbao zile zile utengeneze kitanda kwa mkono wako. Chako hasa, kibaya hivyo hivyo. Huyu hawezi kukaa kwenye kazi mbovu, inamuwasha."

"Mbele ya Humphrey?"

"Humphrey na mkewe."

"Lakini Mumbi atatangaza Edmonton nzima. Haiwezekani tukafanya kimyakimya?"

Marcelina alipanda juu, akarudi na Jacqueline amenyooka kama ubao, midomo haina rangi, akamweka kwenye mikono ya baba yake. "Mshike mwenyewe." Laurean akaomba simu.

Kesho yake mchana wakasimama bustanini kwenye manyunyu, Humphrey na Mumbi chini ya mwavuli mmoja. Marcelina alibaki mlango wa jikoni na mtoto kifuani.

"Ile kazi niliyowaonyesha," Laurean akaanza, "nilisaidiwa kidogo."

"Kidogo?" akasema Bi Jokha.

"Sana."

"Laurean."

"Haikuwa yangu hata pembe moja! Sijui hata kunoa!"

Mumbi alifungua mdomo, akamwona mtoto, akaufunga.

Laurean akavunja lile jeneza, akashika msumeno. Mkato wa kwanza ukaenda kama mlevi. Jini linacheka mle mle ndani ya mbao, wote wanasikia. Wa pili vilevile. Wa tatu, katikati, msumeno ukalainika, ukashuka kama kisu kwenye papai, mstari umenyooka kama uzi. Humphrey masikini, asiyejua kwamba sifa ndizo zinazolipa jini nguvu, akasema, "Ebwana! Kumbe unaweza!"

Na Laurean akatabasamu. Baada ya yote hayo. Akatabasamu, na mkono ukaendelea, na mwingine ukafuata mzuri zaidi, na manyunyu hayasikiki tena, msumeno tu, na harufu ile ikajaa bustani mpaka Mumbi akaziba pua na upande wa kanga, na mlangoni Marcelina aliyekuwa anahesabu kifua cha mtoto kikipanda akakingoja kipande tena, akakingoja, hakikupanda.

"Baba Jacqueline! Hapumui!"

Laurean akauangalia ule mkato mzuri. Akautupa msumeno kwenye matope. Akashika nyundo na kopo la misumari, akaanza kupigilia ovyo, msumari unapinda anaongeza mwingine juu yake, anajigonga kidole, damu, anaongeza.

"Misumari!" jini likapiga kelele. "Kwenye ubao wa mwaloni huu! Toboa kwanza, mpumbavu we, unapasua!"

"Nitaupasua wote!" Laurean analia makamasi. "Ndiyo kazi yangu! Ndivyo ninavyojua!"

Ubao ukapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikasikika kitu kama mtu anatema mate, na harufu ikakatika. Jacqueline akakohoa, akampiga mama yake teke la tumbo, akauliza kwa nini watu wote wanamwangalia.

Kitanda chenyewe Marcelina alinionyesha siku moja. Sijaona kitu kibaya vile, ng'ombe angekikataa. Mtoto alikilalia mpaka akawa mkubwa.

Bi Jokha kabla ya kuondoka alimwambia Laurean, "Hivyo vifaa usimpe mtu. Peleka mwenyewe kwa watu wa chuma chakavu viyeyushwe." Akaitikia, ndiyo dada, ndiyo dada. Wiki ikapita. Mvua, uvivu. Akaliweka sanduku nje ukutani, kama wazungu wanavyoweka vitu wasivyovitaka ili apitaye achukue.

Mtu akabisha hodi. Mzungu kijana, mpole, ana kigari cha mtoto. Akauliza kama vile vifaa bado vizima, maana anataka kuanza kujifunza, Jumamosi Jumamosi. Marcelina alikuwa juu anakunja nguo, anasikia kila neno. Laurean angesema "usichukue," basi. Lakini yule angeuliza kwa nini.

"Vizuri sana," Laurean akamwambia. "Nilimtengenezea binti yangu kitanda. Mkono wangu mwenyewe."

Marcelina alishuka ngazi pekupeku, akampita mumewe, akatoka. Yule kijana ameshalipakia sanduku juu ya kigari, kwenye miguu ya mtoto, na amekata kona. Alikimbia mpaka barabara kubwa. Mabasi, miavuli, watu. Aliniambia mpaka siku ile tunapiga deki, akiona kigari cha mtoto njiani anainama kuangalia ndani.

Basi, imetosha. Zimeni taa mlale, kesho shule.