Askari wa Mdomo wa Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jenipher alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuanika dagaa, na kumnusa baba yake.

Kazi ya tatu hakutumwa na mtu. Baba yake, Faustine, mshona nyavu wa Makoko, Musoma, alikuwa ameacha gongo miezi minne iliyopita. Kila Jumamosi alikwenda kanisani kwenye kikundi cha watu walioacha pombe. Lakini Jenipher, mwanafunzi wa darasa la sita, alishamwokota mtaroni mara nyingi mno. Hakuamini kikundi. Aliamini pua yake.

"Shikamoo, baba," alisema akisogea karibu.

"Marahaba, afande. Leo nanukia nini?"

"Dagaa."

"Basi niachie huru."

Baba alicheka. Jenipher hakucheka. Alikuwa amechoka. Darasani alisinzia, na mtihani wa hesabu aliufanya kama mtu anayepepeta mchanga.

Siku moja walijiandaa kwenda Mugeta, wilaya ya Bunda, kumalizia mahari ya Boke, mchumba wa kaka yake Gasper. Huko wazee hukizunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu aliokuja nao. Kukataa kunywa na mkwe ni kumdharau. Jenipher alimwona baba akishusha mrija wake uliochomekwa paani.

Baba alipokwenda kuoga, Jenipher alichukua tonge la ugali wa muhogo, akaliponda, akaziba nalo tundu la mrija. "Atavuta mpaka masikio yamtoke," alijisemea.

Mugeta, ng'ombe walikubaliwa, chungu kikaletwa. Baba alisimama, akamkabidhi mrija Mzee Ngusa, baba yake Boke, kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu, mimi pombe nimeacha. Iliniweka pabaya. Mrija huu aliniachia marehemu baba. Unywe wewe kwa niaba yangu, mimi nitakaa hapahapa na togwa isiyolevya."

Wazee walinong'ona. Mzee Ngusa aliutazama mrija, akautumbukiza chunguni, akavuta. Mashavu yakabonyea. Akavuta tena, macho yakamtoka. Hata tone.

"Faustine!" alifoka. "Mmekuja kuoa au kunifanyia mchezo? Unanipa mrija uliozibwa mbele ya wazee wenzangu? Chukueni ng'ombe wenu!"

Gasper alishika kichwa. Baba aliugeuzageuza mrija, haelewi kitu.

Jenipher alikuwa mlangoni mwa jiko pamoja na kina mama. Angeweza kunyamaza. Badala yake alitembea mpaka kwenye duara la wazee, mahali ambapo binti hakanyagi, akapiga magoti.

"Babu, nisamehe. Ni mimi niliyeuziba, kwa ugali. Nilidhani baba atakunywa."

Mzee mmoja akauliza, "Ugali wa nini?"

"Wa muhogo."

"Aa! Huo hata patasi haiutoi!"

Wazee wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alipiga magoti kando ya binti yake.

"Mzee, kosa si la huyu. Nilikuwaga mlevi miaka saba, mpaka mtoto akageuka mlinzi wangu. Nisameheni mimi."

Mzee Ngusa aliwatazama wote wawili. "Inukeni," alisema. "Ng'ombe wabaki. Nileteeni mrija mwingine, na Faustine mpeni togwa kibuyu kizima."

Baadaye baba alimwita Jenipher nyuma ya zizi.

"Ungeziba mirija mingapi? Yote ya mkoa wa Mara?"

Jenipher aliinamisha kichwa. "Nimechoka, baba."

"Najua. Nimekuchosha mimi. Sikiliza. Kukataa pombe ni kazi yangu, siwezi kuiweka mgongoni mwako. Lakini siifanyi peke yangu. Leo nimempigia simu Yusto, mwenzangu wa kikundini, mara mbili kabla chungu hakijaletwa."

"Kwani bado unatamani?"

"Natamani. Harufu iliponifikia, mate yalinijaa mdomoni."

"Na ukirudia?"

"Inaweza kutokea. Sitakudanganya. Nikianguka, nitakuwa nimeanguka mimi. Hutakuwa umenisukuma wewe, wala hutakuwa umelala kazini. Usinifichie siri. Mwambie Yusto, nami nitarudi kikundini kuanza upya."

"Sasa mimi nitakusaidiaje?"

"Niulize nimeshindaje, nami nikujibu ukweli. Inatosha. Mengine ni ya watu wazima. Wewe soma, cheza, lala." Alimfuta vumbi magotini. "Na leo umesema kweli mbele ya wazee wakali. Mimi hilo limenichukua miaka saba. Haya, kimbia ukale. Wajukuu wa Mzee Ngusa wameshaizingira nyama, na hawana huruma hata kidogo."