Usiitike Ukiitwa Mchana

Shati la Thimios lilikataa kukauka.

Ilikuwa Agosti, wiki ya sikukuu ya Bikira Maria, na kijijini Vrisula jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi mpaka mawe ya uani yakawa hayakanyagiki bila viatu. Kila kitu kwenye kamba kilikauka kwa robo saa: mashuka ya Bibi Evanthia, suruali za Argiris, taulo, vitambaa vya jikoni. Shati hilo moja la bluu lilining'inia katikati likichuruzika kana kwamba limetolewa kwenye beseni sasa hivi. Argiris akalikamua. Yakatoka maji mengi, ya baridi. Akaunusa mkono wake, akakuta harufu ya tope la chini ya kisima na majani ya mtini yaliyooza.

Harufu hiyo alikuwa ameinusa katika nyumba mbili alizowahi kuishi Athens, na katika kila nyumba alikuwa na mtu aliyempenda.

"Umelipenda?" Thimios alimuuliza kutoka mlangoni, akila tikiti. "Chukua. Wapenzi si huvaliana nguo? Bibi atafurahi."

"Limelowa tu. Umelifua vibaya."

"Kumbe kulowesha shati nako kuna ufundi."

Argiris hakucheka. Alilibeba shati hadi nyuma ya nyumba, akalitupa kwenye pipa la taka, kisha akanawa mikono mara tatu.

Wawili hao walikuwa marafiki tangu jeshini, miaka kumi na moja iliyopita. Argiris alichora ramani katika ofisi ya wapima ardhi. Thimios alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno mengi, anayeweza kuanza mazungumzo na mlango. Wote wawili walipenda wanaume, na kila mmoja alizijua siri za mwenzake, ila wao kwa wao hawakuwahi kugusana zaidi ya bega kwa bega. Ndipo Bibi Evanthia alipopiga simu mwezi Julai.

"Nina miaka tisini na moja," alimwambia mjukuu wake. "Kwamba hutaniletea mwanamke nilishalijua, nikalia, nikamaliza kabla hujaota ndevu. Basi niletee mwanamume. Sitaki nife nikikuwaza unakula peke yako. Ila asiwe mtu wa kuchezeachezea chakula."

Argiris hakuwa na mtu, wala hakutaka kuwa naye. Thimios ndiye aliyejitolea. "Nitakuwa mchumba wako wiki nzima," alisema. "Kula nitakula sana, hilo sihitaji kuigiza." Na Argiris alikubali upesi, kwa sababu uongo haukuwa na hatari. Siku tatu za kwanza zilipita vizuri. Walishikana mikono mezani, wakalala kitanda kimoja walichotandikiwa na Bibi, kila mmoja ukingoni mwake, na nyumba ikabaki kimya.

Mchana wa siku ile ya shati, baada ya chakula, kijiji kizima kilifunga madirisha kulala kama kawaida. Ilikuwa yapata saa nane. Chumbani mlikuwa na giza la mbao za madirisha, mistari myembamba ya jua sakafuni, na sauti ya nyenje nje. Thimios alilala mara moja. Argiris alijinyoosha kando yake akiwa macho.

Kwanza nyenje walinyamaza. Kisha tone likaanguka mahali fulani ndani ya nyumba. Kisha jingine, karibu zaidi. Argiris alijiambia ni bomba la jikoni, na huku akijiambia hivyo alijua kwamba matone ya bomba hayatembei, kwamba haya yalikuwa yakivuka ukumbi moja baada ya jingine kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kwamba yalikuwa yamesimama mlangoni na sasa yameingia, na ile harufu ya tope na mtini ikajaa chumbani kiasi kwamba alihisi ladha yake ulimini, na akataka kugeuza shingo na shingo haikugeuka, akabaki anatazama dari huku upande wa pili wa kitanda, upande wa Thimios, godoro likibonyea taratibu kama linavyobonyea mtu anapokaa ukingoni kumwangalia mgonjwa.

Thimios alikohoa. Akakohoa tena, kifua kikakoroma kama sinki linaloziba, akainuka ghafla, akainama kando ya kitanda na kutapika maji. Yalikuwa meusi, na ndani yake kulikuwa na kipande cha jani.

Shingo ya Argiris ikaachiwa. Hapakuwa na mtu. Godoro upande ule lilikuwa limelowa chapachapa.

"Basi la saa kumi na moja bado lipo," alinong'ona, tayari akizoa nguo za Thimios na kuzisukuma mkobani. "Panda. Nitamwambia Bibi tumegombana."

"Tangu asubuhi nimekunywa kahawa na divai tu," Thimios alisema, naye kwa kunong'ona, bila kujua ni kwa nini ananong'ona. "Niambie kwanza nimetapika nini."

"Thimios, tafadhali."

"Siendi mpaka uniambie."

Argiris akaketi sakafuni. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikaa ukingoni mwa kisima hapo uani, saa kama hizi, wote wamelala. Kitu kikaniita jina langu kutoka chini. Sauti nzuri sana. Nikaitika."

"Basi?"

"Basi. Kuitika kwenyewe ndiyo ndoa. Tangu hapo dude hilo linanihesabu kuwa mtu wake."

"Ni mwanamke?"

"Ni sauti tu. Linachukua sauti ya mtu yeyote." Akajifuta uso. "Nikiforos, niliyeishi naye kwanza, alikutwa kwenye ngazi, mapafu yamejaa maji. Alipona, hajapokea simu yangu mpaka leo. Na Lukas…"

"Lukas alikufa kwa moyo. Nilikuwa mazishini."

"Lukas alizama. Kwenye beseni la kuogea lililokuwa kavu. Mimi ndiye niliyemtoa."

Thimios alivuta shuka akajifunika mabega, ingawa joto lilikuwa la kuchoma. "Lakini mimi si mtu wako," alisema. "Mimi naigiza. Linanitakia nini?"

Argiris akaifunga zipu ya mkoba, akaifungua tena.

"Argiris."

"Halisikilizi watu wanasema nini," Argiris alisema akiitazama sakafu. "Miaka yote tumekuwa pamoja halikukugusa, kwa sababu nilijikataza. Nilijikataza kila siku, kwa makusudi. Hata tulipofika hapa niliweza. Halafu jana ukakaa kwenye kigoda unamkata Bibi kucha za miguu, unamsimulia habari za lifti, na…"

"Kucha," Thimios alisema polepole. "Miaka kumi na moja, na kilichokushinda ni kucha za miguu ya bibi yako."

"Usicheke."

"Sicheki. Nimekaukiwa na mate kwa woga, nitacheka na nini?" Akanyoosha mkono akamshika mwenzake kisogoni. "Mimi ilikuwa jeshini. Wiki ya pili. Soksi zangu zilikuwa zimelowa, ukavua zako ukanipa, ukazunguka siku nzima kwenye baridi na viatu bila soksi. Basi sipandi."

Mlango ulisukumwa. Bibi Evanthia alisimama hapo na fimbo yake, nywele nyeupe zimefumuka kwa usingizi. Aliyatazama maji meusi sakafuni, wala hakuuliza ni ya nini.

"Lile jiwe la kufunika kisima nililiweka mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikukuta umeinama pale unatabasamu, nikadhani kufunika kunatosha. Nisamehe, mjukuu wangu. Nendeni mkamwite Zabeta."

Zabeta alikuwa mfuga nyuki, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mikono yenye makovu ya kuumwa. Maneno ya kuondoa husuda na mengine mazito zaidi alirithishwa na baba yake. Alifika kesho yake mchana akiwa na kikopo chake cha kufukizia nyuki moshi, kilichojaa majani makavu na ubani wa kanisani. Alipokaribia kisima alianza kupiga miayo, kama wafanyavyo waondoa husuda wanapokutana na kitu kibaya, mmoja juu ya mwingine, mpaka machozi yakamtiririka.

"Lina nguvu," alisema akijifuta. "Sikilizeni, sitarudia. Kilichokufunga, Argiris, ni kuitika. Kitakachokufungua ni kuitika vilevile. Litawaita. Msiitike, hata likiita kwa sauti ya mama yenu aliyewazaa. Likishaita mara tatu, wewe Thimios mwite huyu jina lake. Na wewe umwitike yeye. Jibu la sasa linafuta la zamani. Mmeelewa?"

"Na tukikosea?" Thimios aliuliza.

"Msikosee."

Bibi aliketishwa jikoni na kufungiwa mlango. Wale wawili wakalisukuma lile jiwe la kisima kwa nondo. Kisima kilipofunuka ilitoka baridi, baridi ya Januari katikati ya Agosti, na moshi wa Zabeta ukainama na kuingia mle chini kama unavutwa. Nyenje wakanyamaza.

"Argiris," ikaita sauti kutoka chini.

Ilikuwa sauti ya Lukas. Ilikuwa na ule usingizi wa asubuhi, vilevile kama alivyokuwa akimwita miaka minne iliyopita kutoka bafuni, na Argiris aliuma mdomo mpaka akaonja damu.

"Argiris," ikaita tena, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na saba, nyembamba, yenye furaha.

Zabeta alinyoosha vidole viwili kuwaonyesha. Bado moja.

Kukawa kimya. Maji yalisikika yakipanda taratibu, yakilamba mawe ya ukuta wa kisima. Kisha kutoka upande wa jikoni, si kisimani, kikasikika kishindo cha kiti kuanguka, na sauti ya Bibi Evanthia ikilia kwa uchungu: "Thimios, mwanangu, njoo uniinue. Nimeanguka."

Kwa siku tano Thimios alikuwa ameruka kila alipoitwa na bibi yule. Alishamwaga kahawa, alishaungua kidole, kwa haraka ya kumfikia. Hakufikiri.

"Naam, Bibi, na—"

Neno likakatika kama uzi. Thimios alishika koo. Mdomo wake ulikuwa wazi, kifua kinasukuma, na hakuna kilichotoka, hata pumzi haikusikika. Jikoni, Bibi alikuwa ameketi palepale kwenye kiti chake, hajaanguka, hajasema lolote.

Zabeta alipauka. "Thimios, mwite," alinong'ona. "Mwite hivyohivyo, kwa midomo. Argiris, mtazame."

Argiris akamshika Thimios mashavu kwa mikono miwili. Maji sasa yalikuwa yamefika ukingoni, meusi, yametulia, na kutoka ndani yake ikapanda sauti ya Thimios, sauti yake hasa, yenye kicheko kidogo pembeni, ikisema kwamba yote yalikuwa mchezo, kwamba alikuja kwa ajili ya chakula na kitanda, kwamba yule aliyemshika mashavu ni mwili tu na mwenye sauti yuko huku chini ambako kuna ubaridi na utulivu na hakuna mtu atakayezama tena kwa ajili yake, na ikaita, "Argiris, Argiris," kwa upole kama anavyoitwa mtu anayependwa. Na mbele yake, palepale, midomo mikavu ya Thimios ikajikunja bila sauti ikatengeneza jina lilelile, kwa wakati uleule, macho yamemtoka kwa hofu.

"Nipo," Argiris alisema.

Maji yakashuka kwa mngurumo kama yanayomezwa na ardhi. Walipochungulia baadaye kwa tochi, kisima kilikuwa kikavu mpaka chini, na mawe yake yamejaa vumbi. Nyenje wakaanza tena. Zabeta akapiga mwayo mmoja wa mwisho, akasema, "Limetoka," akakaa chini.

Jioni Bibi alimkalisha Thimios kando yake na kumlisha kijiko kwa kijiko, kana kwamba supu ingerudisha kilichokwenda. "Nilijua mnaigiza tangu siku ya kwanza," aliwaambia. "Mlikuwa mnashikana mikono kama watu wanaobeba meza. Leo ndiyo mmeacha." Thimios akatabasamu, akafungua mdomo kumjibu, akaufunga.

Madaktari wa Athens walimmulika koo, wakasema halina kasoro. Alihamia kwa Argiris mwezi Septemba. Alijifunza kuandika haraka kwenye kijidaftari, na vichekesho vyake viliendelea kuwa vya kijinga vilevile. Beseni la kuogea lilibaki beseni. Nguo zilikauka. Usiku walilala wamekumbatiana, na Argiris aliamka asubuhi baada ya asubuhi akamkuta mwenzake anapumua.

Simu ya mezani ililia Novemba, siku ya Jumapili, saa nane mchana. Hakuna aliyekuwa akiitumia tena. Thimios alikuwa mezani anamenya chungwa. Argiris ndiye aliyeinuka kupokea. Kabla hajasema lolote alisikia tone likianguka upande wa pili, mbali, kisha sauti.

"Argiris," ilisema, na kicheko kile kidogo pembeni. Ikanyamaza, ikisubiri.

Akakata. Thimios akamtazama, nyusi zimeinuka kuuliza.

"Wamekosea namba," Argiris alisema.

Iliita Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena. Argiris angeweza kung'oa waya. Alijua hivyo kila mara alipoinuka kwenda kupokea. Jumapili ya nne hakukata. Alisimama ukumbini, amempa Thimios mgongo, mkono wa simu umegandamizwa sikioni, na kiganja chake cha pili kimeziba mdomo wake kwa nguvu, akasikiliza sauti ile ikimwita, na kumwita, na kumwita.